Masufuria ya Harusi ya Mjane

New Orleans, 2 Oktoba 1768

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Na mguu je, umepungua kuvimba? Mimi mzima.

Najua habari unazo, kaka Honoré hana siri. Ndiyo, nataka kuolewa na Baltasar, kapteni wa walinzi wa gavana Mhispania. Usizimie. Tangu mfalme wetu wa Ufaransa atugawe kwa Wahispania kama shati kuukuu, hapa mjini hata mbwa wa gavana hasalimiwi. Kaka aliapa atanivunja miguu. Jana kabadilika ghafla: kanibusu, kasema niolewe tarehe 28, sherehe ataisimamia yeye. Mama, nampenda mtu huyu. Nimelia kwa furaha.

Binti yako,
Perrine

Pointe Coupée, 11 Oktoba

Mwanangu Perrine,

Marahaba. Mguu uko vilevile, uzee hauna dawa.

Mhispania! Wanaume wote wa mto huu wamekwisha? Haya. Wewe ni mjane, na mjane akiolewa tena unajua kinachomfuata: mji mzima chini ya dirisha, wakigonga masufuria mpaka bwana harusi atoke mwenyewe na pipa la divai. Mimi na baba yako wa kambo walitukesheza siku tatu, maana marehemu alikuwa bahili. Huyo wako anunue divai ya maana, asitutie aibu. Harusini siji. Shuka za kitani nakuletea kwa mashua.

Mama yako

Pointe Coupée, 19 Oktoba

Perrine,

Salamu baadaye. Jana Honoré alikuja na wanaume wa mashamba ya huku, wakabeba masufuria yangu yote, eti wakakupigie kelele. Miiko wakaiacha ukutani. Nikawauliza, "Mtagongea nini?" Mmoja akacheka, akapapasa bunduki yake. Honoré akamkata jicho.

Mhispania wako akitoka na pipa, harudi ndani. Walinzi wakikosa kapteni, gavana kwisha. Ndiyo maana ukabusiwa.

Simtaki mtu huyo, lakini sikukuzaa uwe chambo. Na ukimwonya, kaka yako atanyongwa. Sijui nikushauri nini, mwanangu. Ichome barua hii.

Mama yako

New Orleans, 3 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Afya ninayo, namshukuru Mungu.

Asubuhi ya harusi nilimwambia Baltasar simtaki tena, arudi kwenye meli yao iliyotia nanga mtoni. Akaniuliza, "Umepata Mfaransa?" Nikasema ndiyo.

Jioni masufuria yalipofika, nilitoka mwenyewe nikiviringisha pipa. Honoré akachungulia nyuma yangu.

"Bwana harusi yuko wapi?"

"Hayupo. Kunyweni, si mmeshakuja?"

Wakanywa. Baadaye mji mzima ukainuka na gavana akafukuzwa, bila risasi hata moja. Meli iliondoka naye, Baltasar akiwa ndani. Nilisimama ukingoni mwa mto. Aliniona, akanipa kisogo. Mama, nimeumia sana.

Honoré anasema hatimaye nimepata akili. Sijamwambia tunachojua. Anakurudishia masufuria yako kwa mashua, nami nakuja nyumbani kwa hiyohiyo. Tafadhali, mezani usiniweke karibu naye.

Mwanao,
Perrine