Nilisimama Litungu Lilipomtaja Baba

Mbalibali, Jumatano, 21 Julai 1976. Asubuhi baridi kali, ukungu juu ya mashamba, jua bado.

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu zangu na unisaidie, maana barua ya toba ninayotakiwa kuisoma kanisani Jumapili ya mwisho ya Agosti nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeichana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya kanisa letu hapa Mbalibali, na tangu nikiwa sekondari nina shajara ninayoiandika kila siku, hali ya hewa, kazi, wageni, saa ya kulala, kwa hiyo mambo ya wiki ile nayajua kwa tarehe.

Tarehe 4 Julai kwaya yetu ilialikwa Susuni, Tarime, nilikozaliwa, tukaimba kanisani mpaka akina mama wakatoa machozi, na Jumatatu na Jumanne wenzangu walipopumzika mimi nilizunguka kwa marafiki wa zamani, ugali wa mtama na maziwa mgando kila mlango, nikafikia kwa Wegesa, ambaye tuliimba naye sauti moja tangu utotoni, ila siku hizi haendi kanisani kwa sababu alitengwa mwaka 1971 kwa kucheza ngoma, na katibu wa kanisa la Susuni aliyeandika muhtasari wa kikao kilichomtenga nilikuwa mimi, lakini hayo yamepita na alinipokea vizuri sana, tukakumbushana nyimbo mpaka uji ukaungua.

Jumatano ilikuwa Saba Saba, kijiji kizima uwanjani. Mzee Wangwe akakaa na litungu lake la nyuzi nane, njuga mguuni, akaanza kuimba majina ya watu. Wanawake waliponiona benchini na shajara mapajani wakacheka, "Huyu amekuja kuandika, hakuja kucheza!" Wegesa akasema, "Mwacheni mwalimu, mabega yameshika kutu." Ndipo Wangwe akaimba, "Kisyeri, Kisyeri wa mlima wa mawe, boma lako la ng'ombe wekundu nani analiitikia?"

Kisyeri ni marehemu baba yangu. Boma lile watu wetu walilihama mwaka 1974 walipoletwa kwenye nyumba za mistari za kijiji cha ujamaa, limebaki mawe na minyaa, na tangu hapo sikuwahi kusikia mtu akilitaja. Kwetu mpiga litungu akimtaja marehemu, mtoto wake aliyepo husimama. Ukikaa, umewaambia wote kwamba boma lile halina mtu. Nikasimama, nikacheza, mabega yakakumbuka yenyewe, na Wegesa akaipachika shajara yangu kichwani pake kama mtungi akapiga vigelegele.

Mzee Hezekia, mzee wa kanisa aliyetuongoza safarini, alikuwepo. Tuliporudi akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulicheza au hukucheza?"

"Nilicheza, mzee. Aliitwa baba yangu."

"Baba yako amelala. Aliyeruka ni wewe. Utasoma toba, au kwaya tumpe mwingine."

Kwaya hii niliianzisha mimi na watu saba, na Mungu nampenda, lakini kila nikiandika "najuta" nafungua tarehe 7 Julai nakuta nimeandika, "Siku nzuri kuliko zote tangu baba afariki." Je, nidanganye mbele ya madhabahu au niache kwaya?

Naongeza kabla ya kuifunga bahasha: usiku wa kuamkia leo usingizi ulinipata saa nane kasoro dakika kumi.

Mwalimu N., Mbalibali

*

Mwalimu N.,

Pole. Boma la baba ni boma la baba, na toba ya uongo ni mbaya kuliko ngoma. Hiyo usiisome.

Sasa nikugombeze. Umenieleza ukungu, uji ulioungua, hata dakika kumi za usingizi. Habari ya Wegesa ukaipitisha katikati ya sentensi kama mtu anayeruka dimbwi. "Hayo yamepita." Yamepita kwa nani? Wewe una kwaya. Yeye ana miaka mitano nje ya mlango, kwa mwandiko wako, kwa kosa lile lile uliloliita siku nzuri kuliko zote. Na bado alikupikia uji, akakushikia shajara ucheze! Ningekuwa karibu ningekufinya.

Nenda Susuni kabla ya Jumapili hiyo. Usimwandikie barua, umeshaandika ya kutosha. Mwombe msamaha ana kwa ana. Akikufukuza, kaa nje mpaka afungue. Ukitoka hapo pitia kwa mchungaji wao, uombe muhtasari ule usahihishwe, na uusahihishe kwa mkono ule ule. Kisha simama mbele ya watu wa Mbalibali useme toba uliyonayo kweli: kwamba ulimtenga mwenzako kwa jambo ambalo mwenyewe umelifanya kwa furaha. Mzee Hezekia mpe shikamoo yake, usibishane naye. Akiichukua kwaya, mkabidhi daftari la nyimbo ukakae benchi la nyuma. Huko nako watu huimba.

Na siku utakayotoka kwa Wegesa, andika saa uliyolala. Nategemea itakuwa mapema.