Daktari, Aliyekuja Baada Yako Hatoki Ofisini

Daktari, rafiki yangu,

Wewe lala tu huko kaburini. Sisi umetuachia kazi.

Huyu kijana aliyeshika kliniki yako hapa Boito ni daktari mzuri, sitamsingizia. Lakini hatoki ofisini. Amebandika tangazo mlangoni kwamba watu wa presha waje asubuhi. Asubuhi tunachuna chai, bwana, na majani hayangojei mtu. Akiwaambia warudi kuchukua dawa wanamjibu, "Sawa, daktari," wanaenda zao. Yeye anadhani wamekubali, kumbe ni heshima tu.

Wewe ulikuja kwetu ukiwa mgeni na ukatuuliza saa gani tunapata nafasi. Basi ukawa unakuja kituo cha chai mchana tukingoja lori la kubeba majani, unaweka mashine ya presha kwenye meza karibu na mizani. Unakunywa kwanza chai ya mke wangu Rael, ndipo unasema, "Haya mama, leta mkono." Nakumbuka ulivyopuliza kile kikombe.

Rael aliishiwa na dawa wakati wa kupanda mahindi, hakurudi kliniki. Wiki iliyopita alianguka katikati ya michai, mdomo umepinda. Tulimkimbiza hospitali ya Longisa na pikapu ya jirani. Amerudi nyumbani, lakini anaongea polepole na mkono wa kulia hauna nguvu. Nimechoka, Daktari. Nimemkasirikia kijana, nimemkasirikia Rael, hata wewe. Ulituzoesha vizuri, halafu ukaondoka bila kumzoesha mwingine.

Jana niliingia ofisini kwake nikiwa tayari kugombana. Nikamwambia saa ya kliniki yake mke wangu huwa shambani, kama kila mtu hapa. Akauliza, "Mbona hamkuniambia?"

Mimi ndiye mwenyekiti wa kituo, na hakuna siku nilienda kumkaribisha. Akaniuliza lori huja saa ngapi.

Alhamisi anakuja. Ile meza nimeshaiosha. Nakuahidi hatutamwambia tena sawa kama si sawa, na yeye tutamfundisha kuuliza kabla hajabandika.

Pumzika, rafiki yangu. Rael amesema chai ya huyo kijana atampa mwenyewe. Atampa kwa mkono wa kushoto, na unajua kwetu mgeni hapewi kitu kwa kushoto. Akishangaa, nitamweleza kwa nini.