Kuku wa Filipo

Misigiri, 14 Januari 2025

Mwanangu Aneth,

Bwana asifiwe. Hujambo huko Dodoma? Sisi huku wazima, ila goti langu na midomo ya watu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu nimeizima. Wanasema ndiyo tunayofungia mvua. Usicheke. Novemba ulitamka redioni kwamba mvua za msimu huu zitakuwa chache, na kweli zikawa chache. Sasa shemeji yangu Filipo, balozi mzima wa nyumba kumi, anazunguka vilabu vya pombe akisema mtoto wa Yunisi anatamka na mama yake anafunga. Mahindi yao yamekauka yakiwa magotini. Mtama wangu wa muda mfupi, ule ulioniambia nipande, umesimama. Basi huo ndio ushahidi! Jumamosi wamenikataza kuchota bombani. Mimi, niliyebeba mawe ya kujengea bomba hilo nikiwa na mimba yako!

Kikao ni tarehe 25. Wanataka utangaze mvua kabla ya siku hiyo, la sivyo nihame. Tangaza tu, mwanangu. Utapungukiwa nini?

Mama yako

Dodoma, 19 Januari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili mzima. Barua yako nimeipata.

Mama, mimi nasoma karatasi ya wataalamu. Nikisema itanyesha na isinyeshe, kuna mtu pale kijiji cha Ulemo atamwaga mbegu yake ya mwisho vumbini kwa kuniamini. Siwezi. Hata kwa ajili yako siwezi, na inaniuma.

Baba mdogo Filipo alisikia tangazo lile lile. Nilisema pandeni mtama, akasema mtama ni chakula cha ndege. Na ile miti ya mlimani aliyoigeuza mkaa, mbona haijaitiwa kikao? Mvua ikikosekana anatafutwa mjane! Njoo ukae kwangu.

Mwanao

Dodoma, 3 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Kikao kimepita na sijasikia neno. Kondakta wa basi anaapa bahasha alikukabidhi mkononi. Kama umenikasirikia, kasirika, lakini washa simu.

Mwanao

Misigiri, 20 Februari 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Nilikukasirikia, ni kweli. Pia maji nilikuwa nayafuata korongoni, saa mbili kwenda na kurudi, mkono wa kuandikia ukawa hauna nguvu.

Kikaoni nilikwenda. Nikampa mwalimu barua yako aisome mbele ya wote, mpaka pale pa mkaa. Filipo akatazama viatu vyake. Hawakunihamisha, wala bomba hawakunifungulia.

Jumatatu imenyesha, kama ulivyotangaza Ijumaa. Jioni Filipo akaja na wazee wawili na kuku jike, eti wamekuja kumshukuru mtoto kwa kutufungulia mvua. Bomba nalo sasa ruksa.

Nikawaambia, rudini na kuku wenu. Nikimpokea nimekiri kwamba tuliifunga, na mwakani mtakuja na mapanga. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini ulinikatalia.

Wazee wakaondoka. Filipo akabaki mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini kama mbegu ya mtama ilibaki. Nikampimia kisado kimoja. Nikamwambia, chakula cha ndege hicho, shemeji, usimnyime kuku wako.

Simu nimeiwasha. Usinipigie leo, bado nina hasira.

Mama yako