Siku Mbili Hotelini, Nyumbani Kwetu

Chumba cha nyuma, nyumba ya kupanga,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi. Wewe hujambo, wifi hajambo, na watoto wanaendeleaje na shule? Nasikia baridi ya huko imekushika mgongo. Pole sana. Jikande kwa maji ya moto, na uache kubeba vitu vizito, umri huo umekupita.

Sisi huku tu wazima. Mama anakula, analala, anagombana na redio. Macho ndiyo yanazidi kufifia. Mtu akisimama mlangoni anamtambua kwa sauti. Mimi na cherehani yangu tunasukumana vivyo hivyo. Basi, salamu zimetosha, maana nina jambo limenikaa kooni, na ukilisoma usikimbilie kusema nina hasira. Ninazo.

Unakumbuka nilikwambia kwenye simu kwamba nimepata kazi ya kushona mapazia ya hoteli moja katikati ya mji? Sikukutajia hoteli gani, na wewe hukuuliza. Ni nyumba yetu, Kaka. Ile ile uliyoiuza ukiwa huko huko, kwa kuwa Baba aliiandika kwa jina lako, halafu ukamwambia Mama ahame kwa muda kwa sababu inakarabatiwa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yako ina mwaka wa sita sasa, na ninayeitembea ni mimi. Kila mara Mama ananiuliza mafundi wamefika wapi. Paa lile nimeshaliezeka mara tatu kwa mdomo wangu.

Nilipomaliza mapazia, meneja alifurahi, akanipa zawadi ya siku mbili za kulala pale na mtu nimpendaye. Alidhani nitakuja na mume. Nikamchukua Mama. Nilimwambia tunakwenda hoteli tu, tukapumzike. Mlango wa mbele wameuziba, siku hizi watu wanaingilia uchochoro wa nyuma, na kuta zote zina rangi mpya na harufu ya mishumaa. Nikasema kwa macho yale hatajua. Nilitaka alale chini ya dari yake hata mara moja, basi.

Msichana wa mapokezi ana adabu zake, sina ubaya naye. Alimshika Mama mkono akamwambia, "Karibu sana, Bibi. Jisikie uko nyumbani."

Mama akamjibu, "Nitajaribu, mwanangu."

Nilicheka kidogo, nikaona ni utani wa kizee.

Ukutani wametundika historia ya nyumba ndani ya fremu. Wameandika kwamba ilikuwa ya tajiri mmoja mpenda muziki. Baba, fundi viatu, aliyenuniana na jirani kwa sababu ya redio! Kile chumba cha mbele alimokuwa akigonga soli ndimo wanamouzia vinywaji, na ile miguu yake ya mti, aliyokuwa akiivalisha viatu vya watu, wameipanga kwenye rafu kama urembo. Mgeni mmoja alikuwa ameukumbatia mmoja, anapigwa picha.

Halafu ngazi. Unakijua kile kidato cha kwenye kona ambacho Mjomba Fundi, Mungu amrehemu, alikosea vipimo kikawa kirefu kuliko wenzake, na kwa ubishi akakataa kukivunja? Hoteli wamebandika kibao cha kutahadharisha, na wanawaambia wageni eti wazee walikijenga hivyo makusudi ili wezi wajikwae. Mjomba angesikia, angeapa kwamba ndivyo alivyopanga. Mbele yetu alipanda bwana mmoja mnene, akajikwaa pale pale, nusura abusu ukuta. Mama, ambaye mezani anatafuta kijiko kwa kupapasa, alifika pale akainua mguu juu kama inavyotakiwa, akapita. Niliona. Nikajiambia ni bahati.

Chumba tulichopewa wanakiita cha maharusi. Ndicho kile alichougulia Baba, tulimokuwa tukipokezana kumgeuza, mimi na Mama, wewe ukituma pole. Sasa kitanda kimemwagiwa maua mekundu ya kitambaa. Mama alikaa ukingoni, akalipapasa godoro, akasema ni laini mno, litamuumiza kiuno.

Meneja alimpenda sana. Siku ya kuondoka alinivuta pembeni akaniuliza kama Bibi angekubali kuja kukaa mapokezini wikendi, maana wageni wanapenda kitu cha asili. Kitu, Kaka. Mama yako wanataka kumweka jirani na ile miguu ya mti. Nilishukuru, nikachukua mfuko wetu, nikatoka kabla sijamvunjia mtu heshima.

Tulikuwa kwenye taksi Mama aliposema, "Wamepaka rangi vizuri."

Nilimgeukia. Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu mwaka ule wa kwanza. Yule jirani yetu muuza vyombo alikuja kunipa pole. Nikamuuliza, pole ya nini, nani kafa? Ndipo akaniambia nyumba imeuzwa."

"Sasa mbona kila siku unaniuliza habari za mafundi?"

"Ningeacha kuuliza, ungejua kwamba najua. Na ukijua wewe, atajua kaka yako. Usimwambie, mwanangu. Ataona haya, hatakuja hata kunizika."

Dereva alizima redio yake. Miaka yote hii nimekuwa nikifikiri ninamlinda Mama na uongo wako, kumbe yeye ndiye anakulinda wewe. Inaniuma, nisikufiche. Mimi ndiye ninayemkata kucha na kumpimia dawa, lakini anayemkosesha usingizi ni wewe.

Hili ameniomba nisikwambie, na nimemkatalia. Sasa unajua kwamba anajua. Usitume kitu, usinipigie simu ya kulia. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Njoo na haya yako hivyo hivyo ulivyo, lakini njoo akiwa hai, umshike mkono akusikie sauti. Kama unangojea kuja kumzika, baki huko huko. Majirani wapo, na mimi nina mikono, tutamzika.

Nisalimie sana wifi, na yule binti yako mkubwa, na kitindamimba mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mama Mdogo naye anakusalimu. Mungu akuponye mgongo, ukae vizuri kwenye kiti cha ndege.

Nduguyo akupendaye, leo kwa shida,

Dada yako.