Gunia Kwenye Tundu la Hewa

Jumatatu, 4 Agosti
Kichwa tena. Kimeanza baada ya chakula cha mchana. Nimesinzia juu ya fomu za bima za pikipiki. Meneja amepita, akasema pole na msiba. Tangu nirudi kutoka Kondoa kumzika mama, kila kitu changu ni msiba. Nikipiga miayo, msiba. Nikikosea jina la mteja, msiba. Nimeitika asante. Sihisi chochote.

Jumatano, 6 Agosti
Upepo mkali. Nje vumbi tupu, ndani hamna hata chembe. Nilipokuwa msibani wenzangu walilalamika vumbi, madirisha yakazibwa kwa gundi kingo zote. Kiyoyozi kinanguruma. Harufu ya zulia na viatu.

Dada Zaituni amepiga simu kuhusu arobaini. Kisha akalitoa la moyoni: "Hivi Mwajuma, umemlilia mama hata mara moja?"

Sijamlilia. Nimemwambia kichwa kinauma. Akakata.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane, hakuna kazi. Nimeshinda nyumbani Chang'ombe, mlango wazi, vumbi hadi kwenye vyombo. Nimefua. Nimepika mlenda. Kichwa hakikuuma. Kumbe hata huzuni inakwenda sikukuu.

Jumatatu, 11 Agosti
Kimerudi. Mchana nimelala kabisa, paji la uso kwenye kibodi.

Zamani muda huo nilikuwa nasubiri simu ya mama. Akimaliza kuswali alasiri, ananipigia. Kila siku ya kazi, swali moja: "Umekula?" Siku hizi muda huo unapita nimelala. Naona nafuu. Ndiyo, nafuu.

Jumanne, 12 Agosti
Ester ameanguka. Ester wa meza ya jirani, mjamzito. Aliinuka kuchukua karatasi, akaenda chini taratibu. Tukambeba hadi kwenye ngazi za nje. Akapata nguvu.

"Dada, mle ndani kila mchana kichwa kinanipasua," akasema. "Nilidhani ni mimba."

Mimi nilidhani ni mama. Meneja naye anakunywa dawa za maumivu wiki nzima, akidhani ni presha. Kila mtu na lake.

Alhamisi, 14 Agosti
Fundi wa kiyoyozi amepanda darini, ameshuka na gunia tupu la mahindi. Lilikuwa limesokomezwa kwenye tundu la kuingizia hewa ya nje. Mlinzi wa jengo hakubisha kwamba ni yeye. Watu walimlilia vumbi, akawasaidia. Wiki zote hizi kiyoyozi kilikuwa kinapoza pumzi zetu wenyewe na kuturudishia.

Fundi amebandua gundi. Ataweka chujio jipya. Dirisha lifunguliwe kila siku, upepo au hakuna upepo.

Wenzangu wamekasirika. Mimi nimeogopa. Kama maumivu yale hayakuwa ya mama, ya mama yako wapi?

Ijumaa, 15 Agosti
Dirisha wazi. Nimefuta vumbi mezani mara mbili. Kelele za bodaboda, moshi wa mishikaki. Ester ametafuna karanga mchana kutwa. Kichwa hakikuuma, usingizi haukuja.

Alasiri adhana ikaingia. Nilikuwa nimesahau kwamba ofisini inasikika. Nikaiweka simu mezani, kioo juu, kama zamani. Adhana ikaisha. Nikamsubiri amalize kuswali.

Nikalia. Ester akainuka, akaufunga mlango ili wateja wasione. Dirisha akaliacha wazi.