Hayasinti Sita kwa Siku ya Jina Langu

Cēsis, mwishoni mwa Februari

Mdogo wangu mpenzi Visvaldis,

Nakusalimu sana, wewe na wifi yangu Inese, pamoja na hao wajukuu wenu wenye kelele. Natumaini kifua chako kimetulia, na mgongo haukusumbui tena tangu uache kushindana na theluji ya mlangoni. Mimi ni mzima kabisa. Leo hata nikitafuta la kulalamikia silipati, na unajua dada yako si mtu wa kulikosa.

Najua unachongoja. Krismasi uliniambia nikuandikie kabla baridi haijaisha, kama nahamia kwenu Riga au sihamii. Chumba umeshakipaka rangi, na mimi niliondoka kwenu nimesema "labda" kwa sauti iliyofanana sana na "ndiyo". Jibu ninalo. Lakini wewe tangu utoto hupenda kurukia ukurasa wa mwisho, kwa hiyo leo utasoma kwa mpangilio, tena bila kuguna.

Unajua kwamba kila mwaka majani yakianza kupukutika napanda matunguu ya maua ya hayasinti kwenye vyungu, kisha naviweka gizani katika stoo ya chini ya nyumba, kando ya viazi na pipa la kabichi chachu. Hayasinti isipopata baridi ya kutosha kule chini hairefuki. Huchanua imejikunyata katikati ya majani kama mtoto aliyenuna. Mlango wa stoo unafungukia jikoni kwa Ojārs, jirani yangu wa ghorofa ya chini, yule mjane aliyekuwa dereva wa treni. Miaka yote hiyo mimi na yeye tumeishi kwa "habari za asubuhi" na "leo theluji haitaki mchezo", basi.

Sasa nilipokuwa kwenu, baridi kali ikaingia huku. Hapa kwetu ikija baridi ya namna hiyo, kila mtu hukimbilia viazi visigande. Ojārs akapandisha viazi vyake, vyangu, na vya Skaidrīte wa mlango wa pili. Kwa wema wake akapandisha na vyungu vyangu vyote, akavipanga kando ya jiko la kuni, akavimwagilia maji ya uvuguvugu! Niliporudi alinipokea mlangoni na uso wa mtu anayesubiri kupongezwa.

Nilimfokea, Visvaldis. Nilimwambia kama treni aliziendesha hivyo, basi ni Mungu tu aliyewafikisha abiria. Skaidrīte naye, ambaye ugomvi haumpiti, akatoka na kitambaa chake kichwani kuongeza kuni: eti nimwache mzee wa watu, huyu ukimpa mayai ya kuatamiwa atayachemsha yasipate mafua! Ojārs aliinama, akaanza kuvirudisha vyungu chini kimoja kimoja.

Kesho yake niliteremka stoo kuomboleza, nikamkuta amevizungushia vyungu ndoo zilizojaa theluji, na kila chipukizi amelivisha kofia ya karatasi aliyoikunja kutoka kwenye ratiba za zamani za treni. Alikuwa ameamkia sokoni kwa mama muuza maua, akaambiwa kwamba ua lililoharakishwa huvishwa kofia, lijinyooshe kutafuta mwanga. Alinieleza haya yote akiwa amesimama wima kama anatoa ripoti kwa mkubwa wake. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya pipa la kabichi. Hasira yote iliniisha palepale, na nikamkabidhi chungu kikubwa chenye hayasinti saba akakitunze mwenyewe. Nilimwonya kwamba akikiua asithubutu kukanyaga ngazi zangu.

Kumbe nilikuwa nimempa sababu ya kuzikanyaga kila siku. Leo anapanda kuuliza kama ayavue maua kofia, kesho anauliza kama rangi ile ya kijani iliyopauka ni ugonjwa. Akishajibiwa haondoki. Anayaangalia maua yangu ya jeraniamu dirishani, anauhurumia mlimau wangu uliopukutisha majani, anasema dirisha hili linapitisha upepo. Akaniletea pamba, akaziba katikati ya vioo viwili vya kila dirisha, mlimau ukaanza kuchipua. Nikajikuta natia kahawa motoni kabla hajabisha hodi. Sikuona ubaya wowote. Kahawa ni kahawa.

Ikafika siku ya jina langu, ile ambayo kalenda yetu huwakumbuka akina Laimdota wote. Kama kawaida sikumwalika mtu, na kama kawaida nyumba ilijaa. Nilikuwa nimeoka mkate mtamu wa kusokotwa, ule mkubwa wenye zabibu kavu, na nilikuwa ndiyo kwanza nashika kisu Ojārs akaingia. Alivaa koti lake la reli lenye vifungo vinavyong'aa, mkononi ana hayasinti za buluu, ndefu, zilizonyooka vizuri kuliko zote nilizowahi kuotesha mimi. Watu wakazihesabu kwa macho, kisha wakatazamana. Zilikuwa sita.

Skaidrīte hakuweza kujizuia. Akamuuliza kwa sauti amekuja kusherehekea jina la Laimdota au kumzika, maana maua ya kugawanyika mawili mawili yanapelekwa makaburini! Maskini Ojārs alizihesabu kwa midomo, akaiva mpaka masikioni. Alikuwa amekata saba, moja ikavunjika ilipobanwa na mlango wa chini, na kwa wasiwasi wake hakuona. Akageuka akaanza kushuka.

Nilipouona ule mgongo unaondoka, niliogopa. Niliogopa vibaya, Visvaldis, kwa ajili ya mtu niliyejiambia ni jirani tu. Nilimkimbilia kwenye ngazi na kisu cha mkate mkononi, nikachomoa hayasinti moja nikaichomeka kwenye koti lake. Nikamwambia hii ni yake, hizo tano ni zangu, na hesabu imekaa sawa. Kisha, wageni wote wakiwa wamebanana mlangoni kusikiliza, akauliza kwa nini yake na zangu zikae ghorofa mbali mbali. Skaidrīte akapiga kelele kutoka nyuma: jibu basi, mwanamke, tuna njaa!

Nikajibu ndiyo, na safari hii bila "labda".

Basi hilo ndilo jibu lako, mdogo wangu. Sihamii Riga. Nahama ghorofa moja, kwenda chini, na ndoa ni Mei. Nisamehe kwa kile chumba. Nilikuwa nakuja kwenu kwa kuogopa kuzeeka peke yangu, na sasa siogopi. Nina furaha mpaka naona aibu mbele ya watu.

Kuna jambo moja tu. Nimemwambia Ojārs kwamba kwa umri wangu sihitaji ruhusa ya mtu, lakini hataki kusikia. Anasema katika maisha yake hajawahi kuondoa treni kituoni bila kupewa ishara, na kwa kuwa baba hayupo, ishara ni yako. Suti hanunui mpaka barua yako ifike. Kwa hiyo andika haraka, shemeji yako anangoja. Na ukikataa, nakwambia mapema kabisa, nitamsomea kwamba umekubali.

Wape wote nyumbani salamu zangu, na umbusu Inese kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako, bibi harusi,
Laimdota