Alama Kando ya Pua

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini goti lako limepunguza ukorofi, na kwamba shemeji ameacha kubishana na redio. Mimi sijambo, ukiacha kile kipele cha kando ya pua nilichokiita chunusi mwaka mzima, hadi daktari akakiita kwa jina lake: saratani ya ngozi.

Umeuliza mionzi ni kitu gani. Ifikirie kama mwanga usioonekana. Daktari alisema kisu, mahali pale, kingeniachia pengo usoni, kwa hiyo natibiwa kwa mionzi dakika chache kwa siku, siku tano kwa juma, mara ishirini. Haiumi. Unalala chali, mashine inavuma, unarudi nyumbani. Inaua chembe mbaya kidogo kidogo, lakini hupiga pale tu inapoelekezwa. Ndiyo maana siku ya kwanza mgonjwa huchorwa alama kwa wino, akaambiwa asiifute.

Aliyenichora ni kitindamimba wako. Mkono wake hautetemeki hata kidogo. Alinitania kwamba leo mwalimu amegeuka ubao.

Sasa nije kwenye barua yako. Umesikia amepewa onyo la maandishi, akaondolewa kwenye mashine na kupelekwa chumba cha mafaili kwa kuchora alama kizembe. Unaniomba mimi, mjomba wake, nimkalishe chini nimkanye. Nimeisoma barua hiyo mara nne, na kila mara nimeilaza kifudifudi mezani.

Juma la pili wanafunzi wangu wa zamani walinialika shuleni tupige picha ya pamoja. Kinyozi wangu alikuwa ameniambia nimewekewa alama kama nyumba inayosubiri kubomolewa. Nilicheka, lakini neno lile lilinikaa rohoni. Basi nikapima alama kwa rula, nikaandika vipimo kwenye karatasi, nikaiosha alama ile. Baada ya picha nilisimama mbele ya kioo nikaichora upya kwa kalamu yangu. Nimefundisha uchoraji wa majengo miaka thelathini na mmoja. Nani angenifundisha mstari? Kumbe yeye alinichora nimelala, mimi nikajichora nimesimama. Ngozi ya mzee si karatasi. Ukisimama inashuka, ukilala inarudi.

Kesho yake mkuu wa kitengo alilinganisha uso wangu na picha ya siku ya kwanza, akakuta alama imehama milimita nne. Bahati, mashine ilikuwa haijawashwa. Akamgeukia mwanao, akamwuliza mbele ya wenzake kama alipoikoleza alama ilipofifia alikuwa anasinzia. Mtoto akaniuliza kwa adabu kama nimeifuta. Nikasema hapana.

Nilisema hapana, dada, mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kunakili kazi ya jirani. Mwanao akainama kunisafisha kwa pamba. Wino wa hospitali ni mbishi, husuguliwa. Wangu ulitoka mara moja. Akaitazama pamba, akanitazama mimi. Hakumwambia mkuu neno lolote. Aliniambia tu, kwa sauti ya chini, kwamba kesho mjomba nisioshe uso.

Amejua tangu siku ile, na bado ananiamkia kila asubuhi nikipita mlango wa mafaili. Nami hupita nikitazama sakafu.

Barua nyingine iko hapa mezani, niliyomwandikia mkuu wa kitengo, pamoja na ile karatasi ya vipimo kwa mwandiko wangu. Nitampa kesho mkononi, kabla sijapanda kitanda cha mashine, mbele ya wale wale waliosikia hapana yangu.

Usimkanye mtoto. Ukiwa na mtu wa kumkanya, anwani yangu unayo.

Msalimie shemeji, na goti lako ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi kaka yako,
yule waliyemwita Mzee Rula